Kupiga msasa pati iliyokauka kwenye modeli za magari: mwongozo kamili, kuanzia kuchonga mpaka praima

Wakuu, tuanze na tatizo lenyewe maana najua wengi mmelipitia. Umepiga pati kwenye madigadi ya modeli yako, ikakauka, ukapiga msasa mpaka ukipitisha kidole husikii kitu, ukapiga praima iko safi, ukapiga rangi nyeusi ya kung'aa, afu kesho yake asubuhi unaishika karibu na dirisha unaona duara. Yaani pati yote inaonekana umbo lake kama alama ya glasi ya maji kwenye meza ya mbao, na pembeni yake kuna kabonde kembamba ambapo mwanga unavunjika. Hilo duara halijaletwa na rangi. Lilikuwepo tangu siku ile unapiga msasa, rangi ya kung'aa imelionyesha tu.

Mimi lilinitokea kwenye Toyota Mark II, ile bodi ya GX100 iliyotoka 1996, modeli ya 1/24, nilikuwa nimeipanua madigadi za nyuma ili ikae chini na rimu pana. Nikaenda nayo mtaa wa Gerezani, hapa Dar, kwa fundi rangi mmoja ambaye huwa napeleka kwake gari la nyumbani, nikamuonyesha. Rangi hata hakuiangalia. Akaishika juani akaigeuza pole pole, akanionyesha waya wa umeme unaopita juu ya gereji unavyoonekana kwenye ubavu wa gari, umenyooka mlangoni vizuri kabisa, ukifika kwenye madigadi unakatika unashuka unapanda tena. Akaniambia, "Mdogo wangu, mkono haunyooshi. Kinachonyoosha ni kibao." Nikamwambia fundi nimepiga msasa siku mbili nzima. Akasema ndo maana, siku mbili zote umechimba.

Kwa hiyo mwongozo wote huu umesimama kwenye hilo neno moja la kibao, mengine yote yanalifuata lenyewe.

Kwanini bonde linatokea

Plastiki ya modeli nyingi ni polistirini, ni laini. Pati ikishakauka ina ugumu wake ambao siyo sawa na wa plastiki, kuna pati ngumu kuliko plastiki na kuna pati laini kuliko plastiki, lakini iliyo sawa sawa kabisa karibu haipo. Sasa msasa wenyewe haujui mpaka uko wapi, unakula panapolika. Ukiushika kwa kidole, kidole ni nyama, kinabonyea, kikifika juu ya pati ngumu kinapanda, kikitoka kwenye pati kinazama kwenye plastiki na hapo ndo kinachimba. Na pati ikiwa ndo laini inakuwa kinyume, plastiki inabaki juu na pati inakuwa shimo. Njia zote mbili unapata duara.

Na usiseme kabonde kenyewe ni kadogo. Kwenye 1/24 kila milimita moja ni milimita 24 za gari la kweli. Gari la mita 4.76 linakuwa na sentimita 20 hivi. Bonde la sehemu moja ya kumi ya milimita, ambalo kidole hakilisikii kabisa, ni kama gari la kweli limebonyea milimita 2.4, na mtu yeyote akipita pembeni ya gari lililobonyea hivyo kwenye rangi nyeusi ataona. Ndo maana modeli inadai usahihi kuliko gari lenyewe.

Jua pati yako kabla hujagusa msasa

Pati siyo kitu kimoja. Za kutumia kwenye modeli nazigawa makundi manne, na kila moja ina tabia yake kwenye msasa.

Kuna pati ya tyubu, ile inayokauka kwa thina kuruka, mfano Tamiya Basic ya kijivu. Hii ni rahisi kutumia na inalika vizuri kwenye msasa lakini inanywea. Thina ikitoka ujazo unapungua, kwa hiyo ukiipaka nene, juu inakauka ndani bado mbichi, unapiga msasa leo imenyooka, wiki ijayo imezama. Hii ni ya mikwaruzo na mashimo madogo tu, na unapaka nyembamba nyembamba, unaacha ikauke, unapaka tena.

Ya pili ni pati ya hadina (dawa ya kugandishia), poliesta, ambayo ndo hiyo hiyo ya gereji kwa kiasi kikubwa, ingawa za modeli zimesagwa laini zaidi. Hii haikauki kwa kuruka, inaganda kwa hadina, kwa hiyo hainywei sana na unaweza kujenga umbo nene siku moja. Kwa kupanua madigadi au kutengeneza bampa mimi natumia hii.

Ya tatu ni epoksi, unakanda vipande viwili kama unga wa chapati, Milliput ni mfano unaojulikana, inatoka Wales. Uzuri wake unaweza kuilainisha kwa kidole chenye maji kabla haijaganda, kwa hiyo msasa unakuwa kidogo. Ubaya ni saa nyingi za kusubiri, na ikishaganda ni ngumu, pembeni ya plastiki laini inakuletea lile bonde haraka sana.

Ya nne ni supagluu iliyochanganywa na poda ya mtoto. Hii siyo pati kwa jina lakini kwa mashimo madogo na mistari ya kuunganishia haina mpinzani, hainywei kabisa. Sharti lake moja: piga msasa mapema, ndani ya nusu saa hivi mpaka saa moja, maana kadiri inavyokaa inazidi kuwa ngumu na ukiiacha mpaka kesho imeshaizidi plastiki kwa mbali.

Kusubiri, na kipande cha ushahidi

Hapa ndo watu wengi wanaharibu, mimi nikiwemo zamani. Pati inaonekana kavu juu, unaanza. Dawa yake ni hii: kila unapopaka pati kwenye bodi, chukua pati hiyo hiyo uipake kwenye kipande cha plastiki kilichobaki kwenye fremu ya modeli, unene ule ule, ukiweke pembeni ya bodi. Hicho ndo kipande cha ushahidi. Kabla hujagusa bodi unakichoma kucha kile kipande, kucha ikiacha alama usiguse bodi. Ukikinusa bado kinanuka thina usiguse. Pati ya tyubu nyembamba naipa saa 24, ikiwa nene kidogo naipa siku mbili tatu, na kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, ambapo hewa ya Dar imejaa maji mpaka chumvi inalowa kwenye kikopo, naongeza siku.

Poliesta ni tofauti, joto letu linaiharakisha. Ukiweka hadina kama maelekezo ya nchi za baridi yanavyosema inakugandia kwenye kijiti hata hujafika kwenye bodi. Kawaida ni asilimia 2 hivi kwa uzito, mimi mchana wa Januari naweka pungufu kidogo, na nachanganya kiasi cha dakika tatu za kazi tu. Ila usiongeze hadina eti iwahi, ikizidi inabaki ndani ya pati na baadae inapanda kwenye rangi, ukipiga nyeupe unapata doa la njano. Ya kuchanganyia tumia kipande cha tailizi, na ya kupakia hakuna kitu kizuri kama ile kadi ya plastiki inayobaki ukishachomoa laini ya simu, inakunjika kidogo na ukingo wake umenyooka.

Chonga ikiwa kama sabuni ya mche

Poliesta kuna dakika za dhahabu ambazo maelekezo mengi hayazisemi. Kama dakika kumi mpaka kumi na tano toka uichanganye, inategemea na joto, inakuwa imeganda lakini siyo ngumu, ukiikata kwa kisu inakatika kama sabuni ya mche, inatoka vipande vizima haina unga. Hapo ndo unaondoa asilimia kubwa ya pati iliyozidi, kwa kisu chenye wembe mpya, unakata kutoka kwenye pati kwenda nje, siyo kutoka kwenye plastiki kuingia kwenye pati, maana ukiingia unainyanyua pati ing'oke ukingoni. Ukizikamata hizi dakika kazi ya msasa inapungua nusu na vumbi linapungua zaidi ya nusu. Ukizikosa, subiri tu iive kabisa, usije ukalazimisha kwa kisu ikiwa imeshakuwa ngumu, inabanduka mabonge.

Kitu kingine cha poliesta: juu yake hubaki utando unaonata, kwa sababu hewa inazuia ule uso wa juu kuganda. Watu wanadhani pati haijakauka. Imekauka, ni ule utando tu. Usiupige msasa, utajaza msasa wako ndani ya dakika moja. Ukwangue kwa wembe ulioshikwa wima, au futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, afu ndo uanze.

Vibao

Sasa tufike kwenye moyo wa kazi. Kwa modeli ya 1/24 huhitaji bloku za kununua, unahitaji vibao vingi vidogo vya maumbo tofauti na kila kimoja kimebandikwa msasa kwa tepu ya pande mbili. Vyangu ni hivi: kijiti cha aiskrimu kimoja kizima na kimoja nimekikata nusu, kipande cha rula ya plastiki cha sentimita 6, kipande cha mbao ngumu nilichopewa na mafundi fanicha pale Keko, wamekipiga randa kimenyooka kama kioo, na kipande cha soli ya ndala kwa ajili ya sehemu za mviringo. Huo wa ndala ni kibao laini, unafuata umbo lakini haubonyei kama kidole, na ni wa hatua za mwisho tu, usichongee umbo nao.

Kwa tao la tairi natumia betri. Betri ya saizi ya C ina kipenyo cha milimita 26 hivi, ukiizungushia tepu raundi kadhaa afu msasa juu inafika kwenye 28 au 29, ambayo kwa 1/24 ni karibu sana na tao la madigadi la gari la saluni la kawaida. Unaiingiza kwenye tao unaizungusha bila kukandamiza, tao linatoka duara la kweli. Ukijaribu kwa mkono linatoka yai.

Msasa uwe wa maji, ule mweusi, siyo wa mbao. Na kuna kitu kidogo nakifanya kila mara: msasa mpya nachukua vipande viwili nasugua uso kwa uso mara mbili tatu. Kwenye msasa wa bei rahisi kuna chembe moja moja kubwa zimesimama juu ya wenzake, hizo ndo zinakuachia mkwaruzo mmoja mrefu ambao huelewi umetoka wapi. Zikisuguana zinadondoka.

Zungushia tepu

Kabla ya msasa wa kwanza, funika kila kitu ambacho siyo pati. Vitasa vya mlango, mstari wa dirisha, nembo, mifereji ya milango, vyote tepu. Na kuizunguka pati yenyewe weka tepu ya kufunikia rangi safu mbili, ukingo wake uwe milimita moja tu toka kwenye pati. Unachonga pati kwa msasa mkali mpaka kibao kinaanza kugusa tepu. Safu ya juu ikianza kuchanika, simama. Hapo pati imeshuka mpaka unene wa tepu moja juu ya plastiki na plastiki yako haijaguswa hata kidogo. Unabandua tepu, na huo unene uliobaki ndo unaumaliza kwa msasa laini. Hii hatua peke yake ingeiokoa ile Mark II yangu.

Kuchonga umbo

Anza na msasa namba 240 kama pati ni nene, 320 kama ni kidogo (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali, ikipanda ni laini). Kwenye plastiki yenyewe 240 isiguse kabisa. Kibao kiwe kirefu kuliko doa la pati, ili kila wakati kilalie plastiki nzuri ya huku na ya kule, ikiwa bado na tepu yake, pati iwe katikati, hapo kibao kinaazima unyoofu wa plastiki kukipa pati. Kibao kikiwa kifupi kuliko pati kinapanda na kushuka na yale mawimbi.

Piga kwa mshazari, nyuzi 45 upande mmoja, afu geuza nyuzi 45 upande wa pili, ile mikwaruzo ikatane kama wavu. Sababu yake ni kwamba ukigeuza upande, mikwaruzo ya zamani inakuonyesha sehemu ambazo kibao hakijagusa, hayo ndo mabonde. Ukipiga upande mmoja tu huoni kitu na unajichimbia mfereji. Na usikandamize. Uzito wa kibao na wa mkono uliolegea unatosha, ukiona unatumia nguvu ujue msasa umeisha, badilisha. Msasa uliokufa ndo unaochimba plastiki maana pati ngumu haukati tena ila plastiki laini bado unaikata.

Kama unajenga umbo pande mbili, madigadi ya kulia na ya kushoto, jicho lako litakudanganya, kila mtu ana upande anaoupiga vizuri. Kata kipimo kwenye karatasi ngumu ya boksi la viatu. Maliza upande mmoja mpaka uridhike nao, kata karatasi ifuate umbo lake sehemu tatu, mbele ya tao, juu ya tao na nyuma ya tao, andika namba kwenye kila kipimo na weka alama ya penseli kwenye bodi panapokaa. Afu vigeuze uvipeleke upande wa pili. Shika modeli juu ya dirisha, mwanga unaopita kati ya karatasi na pati unakuonyesha pa kupunguza na pa kuongeza. Ukikuta pa kuongeza, ongeza pati, usipunguze upande uliokuwa mzuri ili ufanane na mbaya.

Mkunjo wa ubavuni

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapotofautisha modeli na toi. Gari nyingi za Kijapani za miaka ya tisini zina mstari wa mkunjo unaotembea toka madigadi ya mbele unapita kwenye milango mpaka taa ya nyuma. Ukipiga pati juu ya huo mkunjo na ukausawazisha kwa kibao kimoja, unapotea, unakuwa mviringo. Huwezi kuurudisha kwa jicho.

Unaurudisha hivi. Bandika tepu ndefu kuanzia mlangoni, ambapo mkunjo bado ni mzima, iende mpaka nyuma ambapo ni mzima tena, ukingo wa tepu ukae sawa sawa juu ya mkunjo. Ivute kidogo wakati unabandika, tepu iliyovutwa inanyooka yenyewe. Sasa sehemu ya chini ya mkunjo imefunikwa, ya juu iko wazi. Piga msasa ya juu kwa kibao kigumu mpaka kibao kiguse tepu. Bandua. Bandika nyingine upande wa pili, ukingo wake ukiwa pale pale, piga ya chini. Ukibandua unakuta nyuso mbili zimekutana kwenye mstari mmoja, mkali kama wa kiwandani. Mstari ukiwa mkali kupita kiasi, unaupitisha msasa wa 1000 mara mbili tu kwa soli ya ndala, basi. Mara mbili, siyo kumi. Mimi mara ya kwanza nilipouona mkunjo umerudi niliiweka modeli mezani nikakaa naiangalia tu.

Kupanda namba

Toka 320 nenda 400, afu 600, afu 800. Usiruke toka 240 kwenda 800. Chembe za 240 zina wastani wa mikroni 58 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), za 400 ni 35, za 800 ni kama 22. Mkwaruzo wa 240 ni mrefu kwenda chini, 800 inaupitia juu juu inakuonyesha kama umeisha, praima inaujaza, afu praima ikinywea unarudi. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyopita tu, ikishaisha unahama.

Maji au mkavu? Pati ya tyubu, epoksi na supagluu piga kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, msasa haujai na vumbi halipo. Poliesta mimi napiga kavu mpaka mwisho, kama wanavyofanya gereji, kwa sababu ina unga unaofyonza maji, na maji yakibaki ndani afu ukaifungia kwa praima, jua la saa nane likiipiga modeli dirishani yanatafuta njia ya kutoka na unapata malengelenge. Ukilazimika kutumia maji, iache siku nzima mbele ya feni kabla ya praima.

Ukipiga kavu vaa barakoa, siyo kitambaa, barakoa ya vumbi yenyewe. Vumbi la poliesta ni jembamba sana na halifai kifuani. Usifagie, futa kwa kitambaa kibichi, na kama kuna mtoto mdogo nyumbani piga kazi hii kibarazani au akiwa hayupo.

Kuikagua

Kuna njia tatu, zitumie zote. Zima taa, washa tochi ya simu uilaze karibu kabisa na ubavu wa gari, mwanga utambae juu ya uso. Kila kilima kinatoa kivuli. Pili, funga macho, upitishe vidole juu ya kitambaa chembamba au tishu, kitambaa kinaondoa ule mnato wa ngozi na kidole kinasikia vitu ambavyo peke yake hakisikii. Peleka vidole toka plastiki, kwenye pati, mpaka plastiki ya upande wa pili, mwendo mmoja mrefu, usikae juu ya pati tu. Tatu, paka penseli laini eneo lote, isambaze kwa kidole, afu piga kibao cha 600 mara tano sita. Penseli iliyobaki ni bonde, sehemu iliyofutika kwanza ni kilima. Gereji wanafanya hivyo hivyo kwa kufukiza rangi nyeusi kidogo juu ya praima.

Ukiona vitundu kama vya sindano, usiendelee kupiga msasa ukidhani utavifikia mwisho wake. Ni mapovu ya hewa, ukishusha uso unafungua mengine. Chukua pati ya tyubu uilegeze na thina ya rangi mpaka iwe kama uji mzito, ipake kwa brashi kuukuu uisukume iingie, iache ikauke, ipige 600. Kwa kitundu kimoja kimoja, tone la supagluu kwenye ncha ya sindano.

Na ukiona lile bonde la pembeni limeshatokea, usirudi kuipunguza pati. Panua eneo. Paka pati nyembamba kupita bonde lote mpaka sentimita moja nje yake, afu anza upya na kibao kirefu.

Praima ya kwanza ni ya kukagua

Praima ya kijivu, safu mbili nyembamba. Usipige wakati mvua inanyesha au jioni hewa ikiwa nzito, unyevu unaganda kwenye rangi inapokauka na inatoka na weupe kama ukungu. Mimi napiga kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku kavu, modeli ikiwa imekaa chumba hicho hicho toka asubuhi.

Safu ya kwanza isilowe. Thina ya praima ikiwa nyingi inaingia kwenye ukingo wa pati ya tyubu na kuivimbisha, unapata tena mchoro wa duara ingawa ulinyoosha vizuri. Iache siku moja, piga 1000 kwa maji na kibao laini, angalia kwa tochi. Karibu kila mara utakuta kitu, na hiyo ni kawaida kabisa, rekebisha, praima tena. Mimi wastani ni raundi tatu kwenye madigadi.

Mistari ya milango na boneti iliyojazwa na pati ichimbe baada ya praima ya kwanza, siyo kabla, maana praima inakuonyesha mstari wa kweli umeishia wapi. Bandika tepu ngumu kama rula, pitisha sindano iliyobanwa kwenye kishikio kwa uzito mdogo sana, mara kumi kumi na tano, siyo mara moja kwa nguvu. Kwenye pati ya tyubu mstari unamegeka pembeni, kwa hiyo kama unajua mstari utapita hapo, jaza kwa supagluu na poda tangu mwanzo. Ukimaliza pitisha mswaki wa zamani kutoa unga, futa na maji ya sabuni, iache ikauke, afu shika ubavu wa gari juani utafute waya wa umeme au ukingo wa bati la jirani kwenye praima iliyolowanishwa na maji kidogo. Ukiona umepita mlangoni mpaka taa ya nyuma bila kukatika, fungua kopo la rangi.